BUNDUKI YA BABU INA BEI GANI?

 

Leo tutasema juu ya kitu ambacho katika familia nyingi hakitajwi mchana. Ni bunduki aliyoiacha babu. Mzee amefariki, watoto wamerudi kutoka ukimbizini, nyumba imeanguka, shamba limeota majani, na chini ya udongo iko bunduki ya kuwindia iliyofungwa ndani ya kipande cha turubai. Watoto wanaulizana, hii tutapata kiasi gani? Huenda yuko mtu aliyekwisha kuja usiku akataja bei.

Swali hilo si baya. Mwenye njaa ana haki ya kujua mali aliyorithi ina thamani gani. Tutalijibu, ila tuanze mbali kidogo, maana bei ya bunduki katika nchi hii ina historia ndefu.

Mto wetu wa Luvua unatoka ziwa Mweru, unapita Pweto, unafika hapa kwetu Kiambi, kisha unakwenda Ankoro kuingia Lualaba. Kati ya ziwa Mweru na ziwa Tanganyika ndiko Itabwa, nchi ya chefu Nsama. Mwaka 1867 alifika huko mfanyabiashara wa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Watu wa Nsama walikuwa wengi na waliogopwa na majirani wote, lakini silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Wageni walikuwa na bunduki. Nsama alishindwa, na Tippu Tip alichukua kwake pembe za ndovu zaidi ya frasila 1,900, naye mwenyewe alisimulia hayo katika kitabu cha maisha yake. Frasila moja ni karibu kilo 16. Pigeni hesabu wenyewe.

Angalieni vizuri jambo hilo. Zile bunduki zilikuwa za kizamani, za kujaza baruti kwa mdomo wa mtutu, na huko Ulaya zilikuwa zimeanza kupitwa na wakati. Thamani yake haikutoka katika chuma chake. Ilitoka kwa jirani aliyekuwa na mshale tu.

Machefu wa huku walilielewa somo hilo upesi, nao wakataka bunduki zao. Lusinga, chefu wa Watabwa katika milima iliyo upande wa Mpala, alizipata kwa kuuza watu kwa wafanyabiashara wa pwani. Mnamo Desemba 1884 aliuawa na watu wa Mbelgiji Émile Storms, na kichwa chake kikapelekwa Ulaya. Sanamu yake ya mbao ilichukuliwa pia, na leo imewekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, ambako watu wanalipa kiingilio ili kuiona. Ule mti uliochongwa na fundi wa Kitabwa ndio uliobaki na thamani. Zile bunduki alizozinunua kwa roho za watu zimeliwa na kutu, wala hakuna anayeziulizia.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Bruxelles yakatia sahihi mkataba juu ya biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingizwa silaha mpya katika sehemu kubwa ya Afrika, ila waliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani silaha nzuri zibaki kwa wazungu, na mwafrika apewe ile ya zamani. Ndiyo sababu babu wengi walirithisha magobori, bunduki za gumegume au za fataki, wakati jeshi la mkoloni lilikuwa na bunduki za kisasa. Bunduki ya marisau ya kalibri 12, ile inayokunjuka katikati na kutiwa katushi, ilikuja baadaye, nayo kwa watu wachache.

Sasa, ukiwa na hiyo ya kalibri 12, unajuaje ni ya namna gani? Nyingi zilitoka Ubelgiji, mji wa Liège. Chini ya mtutu huwa pana alama ndogo ya yai lenye herufi ELG ndani yake. Ikiwa juu ya yai pana taji, mtutu ulipimwa mwaka 1893 au baada yake. Huko Ulaya mnunuzi wa bunduki za zamani hutazama alama hizo, jina la fundi, ubao wa kitako, rangi ya chuma kama ni ya kwanza, na kama ndani ya mtutu pana mashimo ya kutu. Bunduki iliyolala ardhini miaka kumi wakati wa vita haitamvutia. Na hata ingekuwa nzima, njia halali ya kutoka Kiambi hadi kwa mnunuzi huyo inataka vibali vya nchi mbili, na gharama yake itaimeza bei yote. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuna mzungu atakayelipa maelfu ya dola, mpeni maji ya kunywa aendelee na safari yake.

Tena kuna hatari. Mitutu mingi ya zamani ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na chumba cha katushi kilikuwa cha milimita 65. Katushi nyingi za siku hizi ni za milimita 70 na zina nguvu kubwa zaidi. Ukizitia humo, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Msiijaribu, hata kwa kumfurahisha mnunuzi.

Basi kama mnunuzi wa Ulaya hayupo, na mwindaji hawezi kuitumia kwa salama, yule mtu wa usiku analipia nini? Analipia kile kile kilicholipiwa Itabwa mwaka 1867. Ugomvi wa Wabatwa na Waluba, uliowaka tangu mwaka 2013 na kuchoma vijiji vingi vya Manono, Nyunzu na Kabalo, ulipiganwa sana kwa mishale na mapanga. Mahali pa mishale, bunduki moja mbovu inatosha kuvifanya vijiji viwili vilale porini. Bei anayoitaja imepimwa kwa hofu ya jirani yako, na jirani huyo ndiye mnakutana naye sokoni na kisimani. Ikipigwa huko, watu watauliza ilitoka nyumba gani, na huku kwetu jibu halikawii.

Wengine wanakumbuka ile kazi ya PAREC, shirika la Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, lililokuwa likiwapa watu wa Katanga kinga, yaani baisikeli, badala ya bunduki. Mwaka 2008 huko Kinshasa walitoa dola 100 kwa bunduki moja. Kazi ile ilisaidia, na kinga kwa mkulima ni mali kweli kweli. Lakini maoni yangu ni kwamba ilituachia pia desturi ya kungoja: watu wanaificha bunduki wakitumaini kinga itarudi. Ofisi ya MONUSCO ya Kalemie ilifungwa mwaka 2022. Mpango wa serikali wa P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, ni kwa ajili ya watu wa makundi yenye silaha. Haukufunguliwa kama duka la kununua mali ya marehemu.

Na sheria ya 3 Septemba 1985 inataka kibali kwa kila mwenye silaha. Kibali kilikuwa na jina la babu. Hakikurithiwa pamoja na bunduki. Kwa hiyo ndugu wanaogombana nani kati yao aiuze, wanagombania kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kukiuza.

Fanyeni hivi. Familia ikae pamoja kwanza, na akina mama wawepo, maana mara nyingi ndio wanaojua ilipozikwa. Mwambieni chefu kwa mdomo, na bunduki ibaki pale pale. Kijana asiibebe barabarani, kwa maana askari wa kizuizini hatamuuliza habari za babu. Ihesabuni kuwa imejazwa, hata kama mna hakika ni tupu. Chefu awaite wenye mamlaka waje kuichukua mbele ya wajumbe wa baraza, wa pande zote mbili. Nanyi machefu, msipokee bunduki bila kuandika: tarehe, namba iliyo juu ya chuma, jina la marehemu, sahihi za mashahidi. Karatasi moja ibaki kwa familia. Chefu anayeipokea gizani na kuiweka chini ya kitanda chake ameirithi yeye, na matata yake pia.

Muda wetu umekwisha. Wenye maswali juu ya karatasi hiyo waje Jumapili baada ya ibada, tutaonyesha namna ya kuiandika. Kwaherini.