Sheria Zilizotungwa Sebuleni

Kwanza ulikuja mzinga. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Britains ya London iliuza mzinga mdogo wa kuchezea uliorusha kijiti cha mbao kwa nguvu ya springi, na mwenye shabaha aliweza kumwangusha nao askari wa kuchezea aliyesimamishwa mbali kidogo. Mwandishi wa riwaya H.G. Wells anasimulia kwamba siku moja, baada ya chakula cha mchana, rafiki yake alianza kuwalenga askari hao na kuwachokoza wenzake wajipime naye. Haikuchukua muda, watu wazima wenye heshima zao wakawa wamepiga magoti sakafuni.

Kulenga tu kulichosha upesi. Wells na wenzake wakapanga majuzuu ya ensaiklopidia yawe vilima na majengo, wakagawana majeshi, wakaanza kupigana. Kila walipocheza kulizuka ubishi, na kila ubishi ulizaa sheria. Askari wa miguu asogee umbali gani kwa zamu moja? Futi moja. Wa farasi? Futi mbili. Na huyu anayekaa kufikiri huku mwenzake anapiga miayo? Saa iwekwe pembeni. Muda ukiisha, zamu imekwisha. Mzinga usio na watu unaweza kufyatuliwa? Hapana, lazima uwe na askari wanne wa kuuhudumia. Vikosi viwili vikigongana uso kwa uso, afe nani? Hapo walihangaika zaidi, mpaka wakakubaliana kwamba wafe mmoja kwa mmoja, na kikosi kilichotengwa na wenzake kikizidiwa idadi, baadhi yake watekwe.

Mwaka 1913 Wells alizichapa sheria hizo katika kitabu kidogo, Little Wars. Vifungu vyake vinasomeka kama kumbukumbu za kikao: nyuma ya kila kimoja kuna mtu aliyelalamika. Na swali ambalo wapenzi wa michezo ya mezani wanaulizana mpaka leo, kama mchezaji wa kawaida atunge sheria zake au anunue za wataalamu, kwa Wells lisingekuwa na maana. Dukani kulikuwa na askari na mizinga. Vita yenyewe ilibidi uitunge.

Mchezo unaweza kuishi vizuri bila kitabu. Bao la Kiswahili limerithishwa pwani kizazi baada ya kizazi kwa sababu mwenye kulijua yuko palepale barazani. Mkibishana juu ya nyumba au takata, kuna mzee wa kuulizwa. Karatasi inahitajika pale mchezo unapomfikia mtu asiye na wa kumuuliza. Historia yote ya sheria hizi za sebuleni imezunguka hapo: nani yuko chumbani, nani hayupo.

Baada ya Wells, wachezaji walibaki wachache na wametawanyika. Mmarekani Fletcher Pratt alitunga mchezo wa vita vya majini, akauchapa mwaka 1940. Meli ndogo za mbao zilipangwa sakafuni na wachezaji wakakisia kwa macho umbali wa adui kabla ya kufyatua. Mwaka 1957 Jack Scruby wa Visalia, California, aliyekuwa akitengeneza askari wa kuchezea, alianzisha jarida la War Game Digest, na wasomaji wake wakaanza kutumiana sheria kwa posta. Ng'ambo ya bahari, Donald Featherstone, mtaalamu wa viungo aliyewahudumia wachezaji wa klabu ya soka ya Southampton, alichapa kitabu chake War Games mwaka 1962. Hakuleta sheria za aina moja. Aliweka za vita vya kale zilizotungwa na Tony Bath, akaweka na za vita vya kisasa kutoka kwa Lionel Tarr. Msomaji alionyeshwa jinsi wengine walivyofanya, kisha aende akafanye yake.

Uhuru huo ulikuwa mtamu hadi zilipoanza safari za kutembeleana. Klabu ya mji huu ikikutana na ya mji ule, majeshi yalikuwa tayari mezani lakini sheria ni mbili. Mashindano ndiyo yaliyolazimisha mambo. Mwaka 1969 Waingereza watatu, Phil Barker, Bob O'Brien na Ed Smith, walianzisha kikundi kilichoitwa Wargames Research Group na kuchapa sheria za vita vya kale ambazo baadaye zilitawala mashindano. Barker aliandika kama mwanasheria aliyewahi kulaghaiwa: sentensi ndefu, zilizokazwa, bila mwanya wa mjanja kupenya. Wengi walilalamika kwamba hazisomeki. Lakini mtu akiandikia watu wawili wasiojuana, kila mmoja akitaka kikombe, ulaini wa lugha unaweza kumponza.

Wakati Barker anaziba mianya, kijana mmoja huko Minnesota, Marekani, alikuwa anaifungua.

David Wesely alikuwa mmoja wa kundi la wachezaji wa miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa amekuta kitabu kilichosahaulika, Strategos, kilichoandikwa mwaka 1880 na afisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten. Kitabu hicho kilikuwa mjukuu wa mchezo wa Kijerumani. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, von Reisswitz, alichapa mchezo wa kuwafunza maafisa vita kwa ramani, vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, dadu na majedwali ya hasara. Mnadhimu mkuu wa jeshi, von Müffling, aliupenda na kuupendekeza kwa jeshi zima. Majedwali yakaongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, mpaka mwaka 1876 Verdy du Vernois akashauri yatupwe yote: mwamuzi awe afisa mzoefu, asikilize maafisa wanataka kufanya nini, aamue kwa akili yake. Jeshi lenye nidhamu ya chuma kuliko yote Ulaya lilikuwa limegundua kwamba sheria nyingi zinaua mchezo.

Alichookota Wesely kwa Totten ni huyo mwamuzi, na wazo kwamba mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, hata ambalo halikuandikwa. Mwaka 1969 aliandaa vita ya enzi za Napoleon katika mji wa kubuni wa Ujerumani aliouita Braunstein. Badala ya kuwapa wachezaji majeshi peke yake, aliwapa nyadhifa: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu. Walikuja wengi kuliko alivyotarajia, akawabunia kazi papo hapo. Kisha wakaanza kutembea huku na huko, wakinong'onezana, wakipanga njama ambazo hakuwa na sheria zake. Wawili wakamjia kumwambia wamepeana changamoto ya kupigana. Atafanyaje? Akatunga sheria ya pambano hilo akiwa amesimama.

Wesely aliondoka akiamini amevuruga kila kitu. Wenzake wakamwomba aandae mwingine.

Mmoja wao, Dave Arneson, alilichukua wazo hilo na kuliingiza katika nchi yake ya kubuni, Blackmoor, kuanzia mwaka 1971: ngome, na chini ya ngome mahandaki yenye mazimwi na hazina. Mapambano aliyaendesha kwanza kwa kutumia Chainmail, kijitabu cha vita vya zama za kati kilichochapwa mwaka huohuo, kazi ya Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Jeff Perren. Ila Chainmail ilitungwa kwa majeshi, ambako askari mmoja akifa hakuna anayelia. Huko Blackmoor kila mchezaji alikuwa na mtu wake mmoja, kampa jina na tabia, na dadu moja tu ikamwondoa. Wakanung'unika. Arneson mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliazima dawa kwenye sheria zake za manowari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambamo meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Shujaa wa upanga akapewa uhai wa meli. Mamilioni ya watu wanaohesabu alama za uhai katika michezo ya kompyuta leo wanatumia kiraka alichoshona mtu mmoja ili marafiki zake wasinune.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva na kumwendeshea Gygax mchezo huo. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima huko Chicago miaka miwili nyuma na alikuwa akishona viatu nyumbani kusaidia familia. Usiku mmoja ulimtosha. Aliomba maandishi ya Arneson, akapata kurasa takriban 20 za vidokezo, akakaa mbele ya taipureta. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya kurasa 50, iliyofuata, 150. Yeye na rafiki yake wa utotoni Don Kaye wakaunda kampuni, TSR, na mwanzoni mwa 1974 vijitabu vitatu vya Dungeons & Dragons vikatoka katika kasha la dola 10. Nakala zilikuwa 1,000, zikiwekwa kwenye makasha kwa mikono, nyumbani.

Kwa mgeni, vijitabu hivyo vilikuwa fumbo. Vilidhani unayo Chainmail. Kwa safari za porini vilikuelekeza utumie ubao wa mchezo wa kampuni nyingine kabisa. Na katika maneno ya mwisho, waandishi walimsihi msomaji asiwaandikie kuuliza. Kama hajui jambo fulani liweje, aamue mwenyewe.

Watu waliamua. Kikundi cha wachezaji wa duka la Aero Hobbies huko Santa Monica kilibuni mhusika mwizi, anayefungua kufuli na kujificha gizani. Gygax alisikia habari zake kwa simu, na mwaka 1975 mwizi akatokea katika nyongeza rasmi ya mchezo, Greyhawk. Mwaka huohuo Lee Gold wa Los Angeles alianzisha Alarums and Excursions, mkusanyiko ambamo kila mchangiaji alirudufu kurasa zake na kutuma, zikaunganishwa na kusambazwa; kurasa hizo zilijaa sheria za watu na ugomvi juu ya sheria za wengine. Huko Phoenix, Arizona, Ken St. Andre alisoma vijitabu vile, akaona wazo ni zuri na maelezo hayaeleweki, akaandika mchezo wake mzima, Tunnels & Trolls, unaotumia dadu za kawaida za pande sita ambazo kila nyumba inazo. Alichapa takriban nakala 100. Kumwita mwigaji itakuwa kumwonea: alifanya kile ambacho kijitabu cha tatu kilimwambia afanye, ila alikifanya hadi mwisho.

Kisha Gygax akageuka. Kati ya 1977 na 1979 TSR ilitoa vitabu vitatu vizito vya Advanced Dungeons & Dragons, na katika dibaji ya kitabu cha mwendesha mchezo alieleza kwamba anataka mchezo ufanane kutoka meza hadi meza. Katika makala za jarida la Dragon alifika mbali zaidi: anayechanganya vya kwake hachezi mchezo huo tena. Ni rahisi kumcheka. Lakini kufikia hapo alikuwa akiandikia wageni kwa maelfu, na mashindano yalihitaji kipimo kimoja, kama ilivyomkuta Barker. Kulikuwa pia na fedha. TSR ilidai huu ni mchezo mwingine, kwa hiyo Arneson hakustahili mrabaha wake. Arneson akaenda mahakamani mwaka 1979, na wakapatana mwaka 1981.

Sheria za nchi zilikuwa upande wa watunzi wadogo kuliko wengi wao walivyojua. Hakimiliki ya Marekani hulinda maneno na michoro. Namna ya kucheza hailindwi nayo. Hata hivyo, TSR ya miaka ya 1990 iliwatisha mashabiki waliosambaza kazi zao, na hofu haikupungua mpaka kampuni iliyoinunua mwaka 1997, Wizards of the Coast, ilipotoa leseni huria mwaka 2000. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja: wachapishaji wenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka wangelipa mrabaha. Wachezaji walikasirika, wakafuta usajili wao kwenye huduma ya mtandaoni ya kampuni hiyo, na tarehe 27 mwezi huohuo Wizards ikarudi nyuma na kuziweka sheria za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa.

Kwa hiyo ruhusa ipo, na anayetaka kutunga sheria za meza yake atunge. Nusu ya mambo mazuri katika michezo hii yalianza hivyo, kwa mtu aliyechoshwa na kilichopo. Ugumu uko kwenye kuandika, na hilo Arneson alilionyesha bila kukusudia. Mwaka 1977 kampuni ya Judges Guild ilichapa maandishi yake ya Blackmoor kwa jina The First Fantasy Campaign. Mna ramani za mahandaki, bei za majeshi, habari za wababe wa nchi ile, vyote vimerundikwa bila mpangilio. Mengi yanayohitajika ili mtu mwingine auendeshe mchezo kama alivyouendesha yeye hayamo, maana wachezaji wake hawakuhitaji kuyasoma: walimuuliza. Arneson alifariki mwaka 2009. Watengenezaji wa filamu ya Secrets of Blackmoor, iliyotoka mwaka 2019, walipotaka kujua mchezo ule ulichezwaje hasa, iliwabidi wawatafute wazee waliokaa mezani pamoja naye.