Choroa Aliyerudi Jangwani

Katika kisa cha Nuhu tumezoea kusimulia jinsi wanyama walivyoingia safinani. Siku waliyotoka hatuizungumzii sana. Lakini safina haikujengwa iwe makao ya kudumu. Ilijengwa ili siku moja mlango ufunguliwe, na viumbe warudi katika nchi waliyopewa na Muumba. Historia ya choroa wa Uarabuni inatusaidia kuitafakari sehemu hiyo ya pili.

Baadhi yetu tunamfahamu choroa wa nyika za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ndugu yake wa Uarabuni ni mdogo zaidi, mweupe, mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji, akitegemea umande na unyevu wa majani. Kwa karne nyingi Mabedui walimwinda kwa miguu na kwa ngamia, naye hakuisha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yalikuja magari na bunduki za kisasa, na katika jangwa lile tambarare hakuwa tena na pa kukimbilia.

Mwaka 1962 chama cha uhifadhi cha Uingereza kilituma msafara katika himaya ya Aden, ambayo leo ni sehemu ya Yemen. Uliongozwa na Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya. Walikamata choroa 4, mmoja akafa. Watatu waliobaki waliletwa kwanza Isiolo, Kenya, kisha wakapelekwa Phoenix, Marekani, penye ukame kama kwao. Waliongezewa wengine kutoka London, Kuwait na Saudi Arabia, jumla wakawa 9. Miaka 10 baadaye, mwaka 1972, choroa wa mwisho waliojulikana porini walimalizwa na wawindaji katika Jiddat al-Harasis, nchini Oman. Aina nzima ya kiumbe cha Mungu ikabaki nyuma ya uzio.

Wale wa uzioni walizaana. Kwa agizo la Sultani Qaboos, baadhi ya uzao wao ulirudishwa Oman, na Januari 1982 kundi la choroa 10 lilifunguliwa mlango pale Yalooni. Waliokabidhiwa ulinzi ni Waharasis, wafugaji wa ngamia na mbuzi wa jangwa hilohilo. Mwaka 1994 UNESCO iliiweka hifadhi hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kufikia 1996 choroa walikuwa takriban 450.

Laiti tungeweza kuishia hapo. Mwaka huohuo majangili walianza kuwakamata wakiwa hai, hasa majike na ndama, ili kuwauzia matajiri. Kufikia 2007 walibaki 65 tu. Serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na UNESCO ikaifuta katika orodha yake, mahali pa kwanza duniani kufutwa hivyo. Hata hivyo choroa walikuwa wamekwisha kurudishwa pia katika nchi jirani, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba walio huru porini wanazidi 1,000.

Sisi tulio wana wa Matengenezo tunajifunza nini? Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kufundisha kwamba toba ni jambo la maisha yote ya mwamini. Kufungua mlango Yalooni kulichukua siku moja, lakini ulinzi ulihitajika kila siku baada ya hapo. Ulipozidiwa nguvu na tamaa ya fedha, kazi ya miaka 14 ilibomoka. Mungu kwa neema yake alihifadhi mbegu ya wanyama 9, na neema hiyo haikutuondolea wajibu tuliopewa Edeni wa kuitunza bustani.

Tunapanda miti kuzunguka makanisa yetu, tunaiombea, tunapiga picha. Je, kiangazi kikija, nani anaimwagilia? Na mbuzi wakiingia, nani anawafukuza? Kila usharika na uweke watu wa kazi hiyo, wenye majina na zamu. Waharasis walifanya hivyo kwa choroa wao, na walipopungukiwa na msaada sote tuliona kilichotokea.