Mpala: jina ya chef iliyobaki

Kila mara tunaongea Moba, tunaruka Mpala. Ni kijiji kidogo cha wavuvi na walimaji, penye mto Lufuko unaingia ziwa Tanganyika. Sisi wa agronomia tukifika mahali tunauliza kwanza udongo. Safari hii niliuliza jina.

Mpala alikuwa mtu, chef wa Watabwa. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alivuka ziwa kutoka Karema, ngambo ya Tanzania ya leo, kutafuta pa kujenga kituo cha Association Internationale Africaine. Mpala akamupokea, wakachanjiana damu. Ninavyoona, kila mmoja alisikia kitu chake. Storms alisikia kwamba amepata inchi. Mpala alisikia kwamba amepata ndugu mwenye bunduki, na alimuhitaji kweli, ju ya Lusinga.

Lusinga alikuwa chef wa milimani, mwenye nguvu, aliyeshika watu na kuwauza. Tusimufanye malaika. Lakini tarehe 4 mwezi wa 12, 1884, watu ambao Storms aliwatuma walimuua na kumukata kichwa. Storms alibeba kichwa hicho mpaka Ubelgiji pamoja na vya machef wengine wawili, Maribu na Mpampa. Baadaye vilifika Tervuren, kisha tangu 1964 kwenye Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels. Sanamu ya Storms kule Ixelles yenyewe ilitolewa tu tarehe 30 Juni 2022. Ndiyo, siku ya uhuru wetu.

Mwaka 1885 kituo kikaachiwa Mapadri Weupe. Wakaongeza jina ya Bikira Maria, ikawa Mpala Notre-Dame. Kapiteni Joubert akaja kuwalinda kwa bunduki. Stanislas Kaoze, Mukongomani wa kwanza kupadirishwa, 1917, alisoma hapo.

Sasa angalieni kitu hiki. Mapadri walipoanzisha misioni nyingine kusini, waliiita Baudouinville, jina ya mtoto wa ndugu ya mfalme wa Ubelgiji. Hiyo jina ilikuja kufutwa, leo tunasema Moba na Kirungu. Mpala hakuna aliyehitaji kuifuta. Ilikuwa ya kwetu tangu mwanzo.

Wenye wazee Moba ao Kalemie, muwaulize namna wanasimuliaka kifo cha Lusinga kule kwenu, na mutuandikie hapa chini.