Mkonge hauliwi

Wadau, juzi nilikuwa kwenye basi kutoka Korogwe kwenda Handeni. Dirishani ni mkonge, mkonge, mkonge. Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ni 62 tu. Ndiyo iliyozaa mashamba yote haya. Dunia ikapata kamba, kibarua akanunua unga dukani.

Lakini njaa ya huku ni ya zamani kuliko mkonge. Shuleni tuliambiwa chanzo ni ukame. Sawa. Miaka ya 1830 mvua ziligoma Uzigua, watu wakateremka pwani kwa wenye chakula. Simulizi zao zinasema waliahidiwa kazi na mlo, wakapakiwa majahazini, wakauzwa utumwani Somalia, bonde la Juba. Ukame haumpakii mtu jahazini, jamani!

Vita ya 1991 ikawakimbiza wajukuu zao. Baadhi walirudi Tanzania, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, Handeni, bado wanaongea Kizigua.

Mwaka 2008 bei ya mchele ilipaa duniani. Mchele ulikuwepo, India na Vietnam zilibana usiuzwe nje. Wataalamu wakahubiri mbegu na mbolea. Mimi ningeanza kwa kuuliza ghala ni la nani.