Baridi ya Engutoto na jiko la baba mdogo

Nipo hosteli hapa Dar, feni inazunguka, UE zinaendelea, mara baba mdogo kanipigia kutoka Engutoto. Ni seremala, na gereji ya nyumbani ndiyo karakana yake. "Wewe si unasoma historia? Hebu niambie niwashe moto gani humu ndani. Gundi haikauki, vidole vimekufa ganzi." Julai ya Arusha mnaijua, mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari.

Nilicheka, halafu nikakumbuka mwaka jana. Alifunga mlango, akawasha jiko la mkaa, kijana wake wa kazi akaanguka. Bahati walimtoa nje mapema.

Basi historia yenyewe hii hapa. Jiko la bati watafiti wanalihusisha na mafundi wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896. Miaka ya 1980 Wakenya walilitia udongo ndani, wazo walilolichukua Thailand. Mkaa ukapungua, ila kaboni monoksaidi ikabaki palepale, haina rangi wala harufu.

Mafuta ya taa nayo? Mwaka 2011 serikali iliyapandisha ushuru kutoka shilingi 52 hadi 400 na ushee kwa lita, ili wajanja waache kuyachanganya na dizeli. Wajanja walibanwa, na mnyonge mwenye kibatari akabanwa pamoja nao.

Umeme je? Ukame wa 2006 ulikausha mabwawa, tukala mgawo mpaka basi. Kwa hiyo baba mdogo hauamini umeme hadi leo, ingawa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kuzalisha 2024.

Kumbe mkaa haukushinda kwa ubora. Ulishinda kwa sababu vingine vilituangusha kwa zamu.

Nikamwambia: baba mdogo, nunua hita ya umeme, ile inayofanana na rejeta ya gari, isiyo na waya unaowaka wazi, maana humo kuna maranda na thina. Iweke mbali navyo, ziba upenyo chini ya mlango. Ukipaka vanishi izime, fungua mlango, uvumilie baridi. Jiko libaki nje na chai yake.

Akajibu, "Sawa msomi, na Luku utaninunulia wewe?"

Nimemtumia elfu kumi ya bumu. Mkiniona nakula maharage wiki nzima, msiulize.