Lady, Ng'ombe wa Mwisho wa Enderby

Katika mwaka 1894 ng'ombe walishushwa katika kisiwa cha Enderby, kimoja cha visiwa vya Auckland, zaidi ya kilomita 400 kusini ya New Zealand. Wafugaji hawakudumu, wanyama ndio waliodumu. Kwa muda wa karne nzima waliishi katika baridi na upepo, wakila hata mwani wa pwani, nao wakawa wafupi wa kimo na wagumu wa mwili.

Lakini walikuwa wageni, wakaharibu mimea ya asili ya kisiwa. Ikaamuliwa waondolewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapigwa risasi. Wapenzi wa mifugo adimu waliwahi kuzihifadhi mbegu za mafahali waliouawa. Na mwaka 1993 akaokolewa jike mmoja aliyesalia, akaitwa Lady.

Huko Ruakura, David Wells na wenzake walitwaa chembe hai za mwili wa Lady, zile zinazolizunguka yai katika ovari. Yai la ng'ombe wa kawaida likaondolewa kiini chake, chembe ya Lady ikaunganishwa nalo kwa umeme, na kiinitete kikapandikizwa katika tumbo la ng'ombe mwingine. Tarehe 31 Julai 1998 akazaliwa Elsie. Kazi hii ni ya hasara nyingi. Kondoo Dolly, aliyezaliwa mwaka 1996, alipatikana peke yake katika mayai 277 yaliyotiwa kiini kipya. Na Ujapani, mwaka huohuo wa Elsie, katika ndama wanane walionakiliwa kutoka kwa ng'ombe mmoja, wanne walikufa.

Walisema watu kwamba kizazi cha Enderby kimeokoka. Walifanya haraka. Elsie si binti wa Lady, bali ni pacha wake aliyechelewa kuzaliwa. Na majike mia wa namna yake, katika hesabu ya damu, ni jike mmoja tu. Fahali hawezi kutoka kwao kwa kunakili. Derby, fahali aliyepatikana kwa mbegu zile zilizohifadhiwa, ni mwana wa Lady. Basi akimpanda Elsie, kwa damu amempanda mamaye. Wala nakala yenyewe haikutimia: sehemu ndogo ya urithi hukaa nje ya kiini, katika mitokondria, na hiyo Elsie aliipata kwa yule ng'ombe asiyejulikana jina, mwenye yai.