Barua za Karani wa Nairobi

Mtu aliyewasaidia mamia ya Wakenya kufika vyuo vya Marekani mwenyewe hakuwa na digrii. Tom Mboya aliacha masomo Mang'u kwa sababu karo ya kuendelea haikupatikana, akasomea kazi ya bwana afya hapa Nairobi, kisha akaingia vyama vya wafanyakazi. Baadaye alipata mwaka mmoja tu Ruskin, chuo cha wafanyakazi mjini Oxford. Mwaka wa 1959, akiwa na miaka 28, alizunguka Marekani akiwaombea wengine nafasi za masomo.

Stori hii hunijia kila msimu wa maombi. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, sasa naishi kwa kuandika na kuhariri, na vijana huniletea insha wanazotaka kutuma vyuo vya nje. Wengi wanaandika vizuri kabisa. Halafu zikibaki siku mbili, ujumbe unaingia: "Wacha tu. Watu kama sisi hawachukuliwi huko."

Sawa. Lakini hayo maneno tuliyatoa wapi?

Miaka ya hamsini, mwanafunzi Mwafrika wa Kenya aliyetaka chuo kikuu alitazama Makerere, kule Kampala. Kilikuwa chuo cha eneo zima la Afrika Mashariki, na nafasi zilikuwa chache mno. Ukikosa, ilionekana ni akili yako iliyopungua. Hakuna aliyesema kwamba mlango ulijengwa mwembamba. Mboya alipoanza kutafuta nafasi Marekani, serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilidai vyuo vya huko ni vya hadhi ya chini, na kwamba wengi wa hao vijana hawakuwa na sifa.

Vijana waliondoka hata hivyo. Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walisaidia kuchangisha pesa za ndege. Huku nyumbani, familia na majirani walichanga nauli na pesa za matumizi. Septemba 1959 wanafunzi 81 walitua New York. Kufikia 1963 walikuwa wamevuka karibu 800 kutoka Afrika Mashariki. Wangari Maathai alikwenda 1960, akasoma biolojia katika chuo kidogo cha Kikatoliki huko Kansas. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Ila mtu ninayemfikiria zaidi hakupanda ndege ile. Alikuwa karani Nairobi, ana mke na mtoto, na Maseno aliondoka bila kumaliza. Kwenye makaratasi hakuwa na lolote la kumshawishi mtu. Akasoma kwa posta, akisaidiwa na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani aliyekuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika, kisha akaanza kuandikia vyuo vya Marekani barua, moja baada ya nyingine. Chuo Kikuu cha Hawaii kilimkubali. Alifika huko 1959, mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo hicho, na kufikia 1962 alikuwa amemaliza digrii ya uchumi na kuingia Harvard.

Jina lake Barack Obama. Ndiyo, babake yule.

Sitaki kumfanya malaika. Harvard aliondoka bila kumaliza uzamifu, na waliobaki nyumbani walilipa gharama ya safari yake. Ninachokitaka kwake ni kitu kimoja tu: zile barua. Nyingi hazikuzaa matunda, na hakuhitaji zote zizae.

Nambari za leo zinatisha, siwezi kukudanganya. Harvard huchukua chini ya 5% ya wanaoomba. Wengi wenu mtakataliwa, hata wenye alama za juu. Lakini kuna jambo ambalo vijana wengi wanaonijia hawajawahi kuambiwa: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii kama mwombaji kutoka nje ana pesa vinapoamua nani aingie, na ukichukuliwa, vinakupa msaada kulingana na hali ya nyumbani kwenu. Vyuo vingi pia vinaweza kukusamehe ada ya maombi ukieleza kwamba huiwezi. Mboya alilazimika kubembeleza nafasi hizo mlango kwa mlango. Siku hizi masharti yameandikwa waziwazi, shida ni kwamba tunajichuja wenyewe kabla ya kuyasoma.

Kwa hivyo mtu akiniambia hafai, simbishii. Namuuliza kama ameomba kusamehewa ada, mwalimu gani atamwandikia barua, na insha iko wapi. Mara nyingi insha huwa imeshaisha, imelala tu kwenye simu.

Itume. Kazi ya kukukataa waachie wao.